Mafuta Yanapokwisha Angani: Ajali za Ndege Ndogo na Amri ya Tano

Habari inapotufikia kwamba injini ya ndege ndogo imezimika angani, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya chuma kilichovunjika au fundi aliyezembea. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini wachunguzi wa ajali hukutana mara kwa mara na sababu nyingine, nyepesi kuieleza na nzito kuibeba: injini ilikuwa nzima, ila haikupata mafuta.

Mwaka 2017 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliwatolea marubani tahadhari juu ya jambo hili. Kati ya mwaka 2011 na 2015, usimamizi mbaya wa mafuta ulishika nafasi ya sita miongoni mwa sababu za ajali za ndege ndogo za binafsi, za mafunzo na za kazi nchini humo, kwa wastani wa ajali zaidi ya 50 kila mwaka. Nyingi zilitokea kwa sababu matangi yalikauka. Nyingine mafuta yalikuwamo, lakini rubani hakugeuza swichi kutoka tangi tupu kwenda tangi lenye mafuta. Katika asilimia 95 ya ajali hizo, upungufu wa kibinadamu ulikuwa chanzo au ulichangia. Wanafunzi wa urubani walikuwa asilimia 2 tu, wakati karibu nusu walikuwa na leseni ya biashara au ya juu zaidi.

Takwimu hizi zinafundisha. Mwanafunzi huogopa, na kwa kuwa anaogopa hupima. Aliyekwisha kuruka njia ileile mara mia huiamini kumbukumbu yake kuliko kijiti cha kupimia tangi. Wahenga walisema: mazoea yana taabu.

Hata hivyo, si haki kumwachia rubani mzigo wote. Ndege ndogo ina kikomo cha uzito, na ndani ya kikomo hicho abiria, mizigo na mafuta hugombea nafasi. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa takriban kilo 0.72, hivyo mtu mmoja wa kilo 70 ni sawa na lita 97 hivi. Kwa ndege kama Cessna 206, itumiayo takriban lita 55 hadi 60 kwa saa, hayo ni mafuta ya zaidi ya saa moja na nusu angani. Anayesema, “Rubani, tubanane tu, ni mtu mmoja,” huenda anaomba, bila kujua, akiba ya wote ipunguzwe.

Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Tangu Madaktari Warukao wa AMREF waanze huduma mwaka 1957, ndege ndogo zimeokoa maisha ya wengi mahali ambapo barabara haifiki. Viwanja vingi vya vijijini havina mafuta, hivyo rubani hulazimika kubeba ya kwenda na ya kurudi. Padre anayewahi adhimisho, kiongozi anayewahi mkutano, familia inayosafirisha marehemu: kila mmoja ana sababu njema ya kuharakisha, na kila mmoja anaweza kuwa kishawishi kwa rubani.

Ndege kubwa nazo hazijasalimika. Tarehe 28 Novemba 2016, ndege ya kampuni ya LaMia iliyoichukua timu ya Chapecoense ya Brazili kutoka Bolivia iliishiwa mafuta karibu na Medellín, Kolombia. Kati ya watu 77 walifariki 71. Katika mpango wa safari, muda wa kuruka ulikuwa saa 4 na dakika 22, na mafuta yalitosha saa 4 na dakika 22. Ofisa mmoja uwanjani alilihoji jambo hilo kabla ya safari, lakini ndege iliondoka. Rubani alikuwa pia mmoja wa wamiliki wa kampuni. Ndani ya mtu mmoja, aliyepaswa kukataa na aliyenufaika kwa kukubali walikuwa wamekaa kiti kimoja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikifafanua Amri ya Tano, inafundisha kuwa ni kosa kumweka mtu katika hatari ya kifo pasipo sababu nzito (Na. 2269), na inawataja waziwazi wanaohatarisha usalama wa wengine barabarani, majini na angani kwa ulevi au kupenda mwendo kasi (Na. 2290). Anayeruka bila akiba ya kutosha yumo katika mantiki hiyohiyo. Sheria ya Marekani hudai akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku kwa safari za kuongozwa na macho. Dakika hizo huonekana hasara siku zote njema. Thamani yake hujulikana siku moja tu. Wale wanawali watano wenye busara katika Injili nao walibeba mafuta ambayo, kama Bwana arusi angewahi, yangeonekana mzigo wa bure.

Basi wamiliki wa ndege wasimwadhibu rubani anayekataa kuruka. Mamlaka zimlinde ofisa anayehoji. Nasi abiria, tukiambiwa tushushe mzigo au tusubiri hadi kesho, tutii bila manung’uniko. Tangu mwaka 1920 Kanisa limewakabidhi warukao angani kwa maombezi ya Bikira Maria wa Loreto. Tumwombe awalinde, naye rubani, kabla ya kuwasha injini, apime tangi.