MPANGO WA NGUVUKAZI USINGOJE KAZI KUSIMAMA

Wasomaji wetu wa Visiwani huenda wakauliza: Mhunze ni wapi, na mambo yake yatuhusu nini? Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, nchi ya pamba na ng'ombe. Katika wilaya hiyo umo mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao historia yake ilianza mwaka 1940.

Aprili 2020, soko la almasi lilipoanguka duniani kwa sababu ya UVIKO-19, mgodi huo ulisimamisha uzalishaji hadi mwaka uliofuata. Majira hayo hayo ndege za watalii zilikoma kutua Zanzibar, na mahoteli yakafunga milango. Fundi wa Kishapu na mpishi wa Nungwi wakafikwa na msiba mmoja. Mwadui ulisimama tena Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope ulipobomoka, na haukuanza kuzalisha hadi Julai 2023.

Hatusemi kwamba mwajiri angeweza kuzuia maradhi. Tunasema kwamba kazi kusimama si jambo geni. Dhahabu huisha, almasi hushuka bei, utalii una msimu wake. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na kufikia kikomo mwaka 2021. Eneo lake limetengwa kwa ajili ya viwanda. Ni vyema ardhi ikapangiwa matumizi mapya; ni vyema zaidi mtu naye akapangiwa mapema.

Tunajua neno nguvukazi lina kumbukumbu yake. Sheria iliyopitishwa mwaka 1983 wengi huikumbuka kwa misako ya mijini. Kupanga nguvukazi si kuswaga watu. Ni kujua leo kwamba kesho utahitaji mafundi wangapi, wa kazi gani, nani anafundishwa kushika nafasi ya nani, na wote watakwenda wapi shughuli ikipungua.

Faida yake ni ya pande mbili. Mwajiri asiyekuwa na mpango huwaacha mafundi wake watawanyike, na siku ya kufungua tena huanza kufundisha wageni, kwa gharama na kwa hatari ya ajali. Mfanyakazi anayejua mapema huweza kujiendeleza, kupata cheti kinachotambulika kwingine, na kujizuia na madeni yatakayomwelemea mshahara ukikatika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, humtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Hilo ni jema. Lakini kiwango cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, kwa miaka isiyozidi 10. Basi aliyetumika miaka 20 anahakikishiwa mshahara wa siku 70 tu. Siku hizo hazitoshi kujifunza ufundi mwingine. Mashauriano yanayoanza wakati wa kupunguza watu yamekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo tunawaomba maafisa wa Serikali, Bara na Visiwani, wafanye jambo moja lisilo la gharama kubwa. Wanapokagua mrabaha wa mgodi au leseni ya hoteli, wakague pia mpango wa wafanyakazi, na wahakikishe kwamba wafanyakazi wenyewe wameuona na kuujadili. Mpango uliofungiwa kabatini haumsaidii mtu.

Waajiri nao wasiuone kuwa mzigo. Neema ikiwapo ndipo pana fedha ya kufundishia na utulivu wa kushauriana. Dhiki ikiingia, vyote viwili hutoweka. Wahenga walitwambia: udongo uwahi ungali maji.