Neno "Shame"

Mwanafunzi akimwambia Mwingereza kwamba mama yake ni mgonjwa, huenda akajibiwa: "What a shame!" Afunguapo kamusi, anaona: aibu. Basi anakasirika bure, akidhani mamaye ametukanwa, kumbe aliambiwa tu, "Pole, jambo hili lasikitisha."

Lakini "Shame on you!" si pole hata kidogo, maana yake ni "Aibu yako!" Nao wajumbe wa Bunge la Uingereza hupaza sauti, "Shame!", wakimkemea msemaji. Huko Afrika ya Kusini, ajabu, neno lilo hilo husemwa kwa huruma, hata mbele ya mtoto mchanga apendezaye!

Kiswahili hutenga mambo haya. Haya humzuia mtu asitende ubaya. Aibu humpata akiisha kuutenda. Fedheha ni aibu iliyoanikwa mbele ya watu. Kiingereza huweza kuyatia yote matatu katika "shame". Kwa hiyo angalieni kijineno "a": kikitangulia, kama katika "It's a shame", kwa kawaida ni masikitiko. Yule mwanafunzi angejibu tu, "Thank you."