Uchambuzi: Muyembe, Ebola na hesabu ya wanasayansi

Leo mtafiti wa afya anapimwa kwa namba. Watu wanahesabu maandiko aliyotoa, kisha wanahesabu mara ngapi watafiti wengine wameyataja. Kipimo kinachojulikana zaidi kilitolewa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Marekani: mtu mwenye maandiko 20 ambayo kila moja limetajwa angalau mara 20, anapewa alama 20. Alama hiyo inaweza kuamua nani anapandishwa cheo na nani anapata pesa za utafiti.

Je, namba hizi zinasema ukweli kuhusu watafiti wa Congo? Mfano wa Profesa Jean-Jacques Muyembe unasaidia kujibu.

Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, jimboni Equateur, ambako ugonjwa usiojulikana ulikuwa unaua watu. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa mgonjwa kutoka Ubelgiji, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp. Machi 1977 jarida la The Lancet lilichapisha maandiko matatu kuhusu virusi vipya vya Ebola, kutoka maabara za Ubelgiji, Uingereza na Marekani. Jina la Muyembe halikuwemo. Kila mara maandiko hayo yanapotajwa, hesabu inaongezeka kwa wengine.

Mwaka 1995, Ebola ilipoingia Kikwit, waganga wa Congo waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba wakaishi. Andiko lao lilitoka mwaka 1999, lakini wataalamu wengi walilitilia shaka, kwa sababu hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha. Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo wazo halikufa: kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit, watafiti walitengeneza dawa iitwayo mAb114.

Dawa hiyo ilijaribiwa hapa kwetu mashariki. Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingia katika jaribio la dawa nne. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35 hivi, wakati dawa ya ZMapp ilikaribia asilimia 50. Matokeo yalitoka mwaka 2019 katika The New England Journal of Medicine, na jina la kwanza ni la Mcongomani, Sabue Mulangu wa INRB, taasisi inayoongozwa na Muyembe. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha dawa hiyo.

Kwa hiyo namba ya Muyembe leo ni kubwa, lakini haionyeshi kazi ya 1976. Tena namba inaweza kudanganya upande mwingine: andiko lenye waandishi makumi linampa kila mmoja alama sawa, aliyeongoza na aliyesaidia siku mbili. Na andiko la Kifaransa katika jarida la Kinshasa haliwezi kushindana na la Kiingereza linalosomwa dunia nzima, hata kama limeokoa watu wengi zaidi.

Ndiyo maana tangu tangazo la San Francisco la mwaka 2012, taasisi nyingi duniani zimekubali kuangalia kazi yenyewe kabla ya namba. Kwa Congo, maswali ya kuuliza ni haya: nani aliongoza utafiti? Sampuli za damu zinahifadhiwa wapi? Vijana wangapi wamefundishwa?

Kuna dalili za mabadiliko. Baada ya aina mpya ya mpox kuonekana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka 2023, andiko la mwaka 2024 lililoielezea katika Nature Medicine lilianza na jina la Mcongomani, Emmanuel Hasivirwe Vakaniaki. Safari hii sampuli za wagonjwa hazikusafiri peke yake.

Lakini jina mbele ya andiko halitoshi ikiwa pesa na vifaa vinaendelea kutoka nje. Anayelipa ndiye anayechagua swali la kutafiti. Serikali na vyuo vikuu vya Goma, Bukavu na Kisangani vikitaka majina yetu yaendelee kuhesabiwa, vianze na bajeti ya maabara.