Kocha tunampenda, lakini tusimpe vijana hawa

Goma. – Toka juma lililopita, hapa mtaani kwetu hakuna habari ingine. Kwa kinyozi, kwenye kituo cha pikipiki, kwa wamama wanaouza makala, kila mtu anauliza jambo moja: je, komite itampa kocha wetu mkubwa timu ya vijana ya basketi? Komite itakaa Jumapili. Wengi wamekwisha kujibu: "Apewe, hata leo." Mimi nasema hapana. Nitaeleza sababu, hata kama wengine watanikasirikia.

Sitataja jina la kocha wala la timu. Wa hapa wanajua ninasema juu ya nani. Na wa mitaa mingine watakuta kwamba jambo hili liko kwao pia.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Kocha huyu ameleta vikombe na timu ya wakubwa. Vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, wengi walivuka mpaka ao walipanda mashua, yeye alibaki. Kiwanja cha ndege kilifungwa, benki zikafungwa, franga zikapotea mifukoni, lakini mazoezi ya timu ya wakubwa hayakukufa. Mipira alinunua kwa pesa zake. Akipita barabarani, watoto wanamkimbilia. Mtu wa namna hii tunamwita mkubwa wetu, na anastahili. Atakayesema kwamba ninamchukia, huyo anadanganya.

Lakini kupendwa ni jambo moja, na kufaa kwa kazi fulani ni jambo lingine. Daktari mzuri wa macho humpelekei mama anayetaka kuzaa.

Tuangalie hii timu ni ya nani. Ni vijana 12, wenye miaka kati ya 14 na 17. Nusu ni watoto wa mtaa. Nusu ingine ni watoto wa wahami wa vita. Wamoja walitoka Rutshuru, wengine Masisi, wakapitia kambi za Bulengo na Lushagala. Kambi zilipovunjwa Februari 2025, familia zingine zilirudi vijijini. Zingine zilikuta nyumba imebomolewa na shamba lina mwenyewe mwingine, zikarudi tena mjini. Leo zinakaa kwa ndugu, ao zinapanga chumba kimoja watu nane.

Nani aliwakusanya vijana hawa? Si kocha mkubwa. Ni mama mmoja, mwalimu wa masomo ya msingi, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mwalimu. Alianza nao kwenye saruji iliyopasuka, mawe ya volkano pembeni, ringi moja haina wavu. Watoto wa wahami walikuwa wanakuja kuangalia tu, wamesimama nyuma ya ukuta, wanaona haya kuingia sababu hawana viatu. Yeye ndiye aliwaita mmoja mmoja kwa jina. Wakati ule hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeomba timu hii.

Mwaka huu wameanza kushinda. Wamezipiga timu zenye vijana warefu kuliko wao. Basi ghafula kila mtu amekumbuka kwamba kuko timu, na kwamba timu inahitaji "kocha wa kweli".

Sasa nieleze kwa nini ninakataa.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Mechi ya basketi ina robo 4 za dakika 10. Uwanjani wako watu 5. Kwa hiyo kila mechi ina dakika 200 za kugawa. Mama Mwalimu anawagawia wote 12. Mwingine anapata 25, mwingine anapata 8, lakini hakuna anayerudi nyumbani bila kugusa mpira. Kocha wetu mkubwa nimefuata mechi zake kwa miaka. Anacheza na watu sita, akibanwa sana anaenda saba. Kwa wakubwa sina neno: wamekuja kushinda, na kushinda ndiyo kazi waliyompa. Lakini kijana wa miaka 15 anayekaa benchi kila Jumamosi hajifunzi basketi. Anajifunza kupiga makofi.

Sababu ya pili ni nani atakayetoka. Kocha mwenyewe amesema mbele ya watu kwamba ataleta vijana watatu warefu kutoka kwingine. Orodha ya mechi haipiti majina 12. Watatu wakiingia, watatu watatoka. Hakusema ni nani. Lakini kanuni zake tunazijua: asiye na viatu vya basketi hachezi, anayechelewa hachezi, asiyeleta mchango wa mwezi hachezi. Wazazi, jihesabieni wenyewe. Nani hana viatu? Nani anachelewa sababu anatoka mbali kwa mguu, na asubuhi alichota maji kabla ya kuenda masomo? Ni watoto wa wahami. Kocha hatasema "sitaki wahami", na sidhani kama ana moyo huo. Kanuni zake zitafanya kazi hiyo mahali pake. Mtoto aliyefukuzwa kijijini, kisha akafukuzwa kambini, atafukuzwa mara ya tatu kwenye kiwanja cha basketi, na sisi tutakuwa tunashangilia kikombe.

Sababu ya tatu ni mchezo wenyewe. Kocha anapenda ulinzi wa zoni: wachezaji wote wanakaa karibu na ringi, kila mtu analinda eneo lake, warefu wanaokota mipira. Kwa vijana inashinda haraka, sababu wapinzani wa umri huo bado hawajui kutupa mpira kutoka mbali. Lakini kijana asiyelinda mtu kwa mtu hajifunzi kusogeza miguu, hajifunzi kusoma mpinzani. Inchi zingine zimeliona tatizo hilo mpaka zikaweka sheria. Kanada, kwa mfano, imekataza zoni kwa watoto wa chini ya miaka 14. Vijana wetu wengi wameshika mpira miaka miwili tu. Kwa mchezo, wao bado ni watoto wadogo. Mama Mwalimu anawafundisha kudundisha mpira kwa mikono yote miwili, kila siku, mpaka wanachoka. Samaki mkunje angali mbichi. Zoni wataijua wakiwa na miaka 18.

Sababu ya nne ni saa na mwili. Mazoezi ya timu ya wakubwa yanaanza saa 11 ya jioni na yanaisha giza limeingia. Mnajua muji huu usiku ukoje. Nani atamrudisha mtoto nyumbani? Na juu ya mwili, nilimwona kwa macho yangu mchezaji wa timu ya wakubwa aliyevimba kifundo cha mguu. Alifungwa kitambaa, akarudishwa uwanjani, sababu mechi ilikuwa ngumu. Alicheza, timu ikashinda, watu wakamwita simba. Miezi miwili baadaye bado alikuwa anachechemea. Mtu wa miaka 25 anaweza kuchagua hivyo. Mtoto wa miaka 14 hachagui. Akiambiwa "ingia", anaingia.

Nimekwisha kusikia majibu. Jibu la kwanza: "Huyu ni mshindi, na mshindi anafaa popote." Basi tumtazame mtoto wetu wa Goma anayejulikana dunia nzima, Jonathan Kuminga. Alizaliwa hapa mwaka 2002. Mwaka 2021 timu ya Golden State Warriors ilimchagua akiwa namba 7 katika vijana wote waliotaka kuingia NBA. Kocha wake alikuwa Steve Kerr. Mtu huyo ni mshindi: ameipa timu ile ubingwa mara nne, 2015, 2017, 2018 na 2022, na mwaka ule wa 2022 Kuminga naye alikuwa ndani ya timu. Lakini Aprili 2025, siku ya mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Kerr hakumpa Kuminga hata dakika moja. Mwezi uliofuata Stephen Curry aliumia, pengo likafunguka, na kijana wetu akapiga pointi 30 katika mechi moja dhidi ya Minnesota. Hapa Goma watu wengi walikasirika. Walisema: "Kocha huyu ni mkubwa, lakini hajui kukuza kijana." Nilikuwa nawasikia, kwenye kituo kilekile cha pikipiki. Sasa watu walewale wanasema kwamba mwenye vikombe hawezi kukosea. Kama mlimwonea huruma Kuminga, mwenye mamilioni ya dola, mwoneeni huruma pia mtoto wa Masisi asiye na viatu.

Jibu la pili: "Kocha mkubwa akiwashika, wataonekana, watapata nafasi ya kuenda nje." Ninaelewa mzazi anayesema hivyo. Kila mzazi hapa anaota ndoto hiyo. Lakini Dikembe Mutombo, ambaye inchi yetu ilimpoteza Septemba 2024, hakuenda Marekani mwaka 1987 kwa sababu ya kikombe. Alienda kwa masomo, akitaka kuwa daktari. Huko Georgetown kocha John Thompson alikuwa anaweka ofisini mpira usio na hewa, ili vijana wakumbuke kwamba mpira unaisha hewa na maisha yanabaki. Mutombo alitoka pale na diploma, akacheza NBA miaka 18, kisha akajenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake. Mama Mwalimu anauliza kila juma: "Masomo inaenda namna gani?" Asiyeenda masomo bila sababu, anakuja kumwona mzazi wake. Kocha mkubwa sijawahi kumsikia akiuliza neno hilo. Si kosa lake, wachezaji wake ni watu wazima. Lakini ndiyo tofauti ninayoisema.

Jibu la tatu wanalisema kwa sauti ya chini: "Yule ni mwanamke, atawezaje vijana wanaume?" Hilo sitalijibu kwa maneno mengi. Timu mnayoigombania leo, ni nani aliyeifanya?

Jibu la ine lina ukweli ndani: Mama Mwalimu hana karatasi ya ukocha, na kuna mambo ya ufundi hayajui. Mimi mwenyewe nimeona mechi timu ikipoteza dakika za mwisho sababu hakuomba mapumziko kwa wakati. Lakini mtu akikosa kitu anafundishwa, hafukuzwi. Kama komite iko tayari kutafuta pesa za kumlipa kocha mpya, pesa hizo zitoshe kumtuma Mama Mwalimu kwenye mafunzo, na zinunue jozi sita za viatu.

Basi ninaomba komite mambo matatu.

La kwanza: Mama Mwalimu abaki mkuu wa timu ya vijana mpaka mwisho wa msimu huu, na hakuna kijana atakayetolewa katikati ya msimu kwa sababu ya viatu, mchango ao kimo.

La pili: kocha mkubwa aombwe kuja mara moja kwa juma, kama mshauri. Anajua mambo mengi ya kusaidia: namna ya kutoka kwenye presha, namna ya kupanga dakika mbili za mwisho. Mazoezi yaishe saa 11 na nusu, kabla ya giza.

La tatu: michango yote iandikwe kwenye daftari moja, na daftari lisomwe mbele ya wazazi kila mwisho wa mwezi. Hili ni kwa kila kocha, awe nani.

Na wewe, mkubwa wetu, kama unasikiliza kwa redio ao mtu anakusomea haya kwa simu: hakuna anayefuta ulichofanya. Ulibaki wakati wengine waliondoka, hatutasahau. Lakini ukiipenda timu hii kweli, njoo Jumapili useme mwenyewe kwamba wale 12 watabaki 12. Ukisema hivyo mbele ya wazazi, nusu ya maneno yangu itakufa, na nitafurahi kuizika.

Kwenu wazazi mliotoka Rutshuru na Masisi: najua mnaona haya kusema kwenye mkutano wa mtaa. Mnasema, "Sisi ni wageni, tukae kimya, wenyeji wasituchoke." Lakini watoto hawa si wageni kwenye timu hii. Walikuwepo siku ya kwanza, kabla ya ushindi. Mkikaa kimya, komite itaandika kwamba wazazi wote wamekubali.

Mkutano ni Jumapili, saa 8 ya mchana, kwenye kiwanja chenyewe. Mje na watoto, wakae mbele, ili atakayetaka kupunguza majina aseme huku akiwaangalia.