Hesabu ya Bei ya Ng'ombe Iwe Mkononi mwa Mfugaji

Wako watu hata leo wasemao kwamba mfugaji wa Kiafrika hajui bei. Husema, bei ikipanda yeye huzuia ng'ombe wake, na ikianguka ndipo hukimbilia mnadani. Maneno hayo si mapya. Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits aliandika juu ya jinsi watu wa Afrika Mashariki wanavyowathamini ng'ombe, na maofisa wa kikoloni wakayapenda mawazo ya namna hiyo kwa kuwa yaliwapa fimbo: ikiwa mfugaji hauzi kwa akili, basi na auziwe kwa nguvu.

Nguvu hiyo Ukambani wanaijua. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ya Kenya, ikisema kwamba ardhi imechakaa, ilikamata ng'ombe wa Wakamba na kuwanadi kwa bei ya kutupa, na huku kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, kinangoja ng'ombe rahisi. Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba, wake kwa waume, wakaenda kwa miguu hadi Nairobi na kukaa huko wiki kadhaa wakidai kuonana na Gavana. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu.

Mwaka huo huo wa 1938, huko Marekani, mchumi Mordecai Ezekiel alichapa maelezo juu ya hesabu waliyoiita utando wa buibui. Maana yake si ngumu. Mwenye mali hutazama bei ya leo kuamua azalishe kiasi gani, lakini mali hiyo hufika sokoni baadaye. Bei ikiwa nzuri wote huzidisha. Mali ikifika kwa pamoja bei huanguka. Wote hupunguza, na bei hupanda tena. Mjerumani Arthur Hanau alikuwa amekwisha kuonyesha jambo hilo kwa nguruwe mwaka 1928. Kwa ng'ombe mzunguko ni mrefu zaidi, maana mimba peke yake ni miezi 9, na mtamba huchukua miaka kabla ya kuzaa. Marekani mzunguko mmoja huwa kama miaka 10.

Kisha mwaka 1974 Lovell Jarvis alipima mambo ya Argentina, nchi ya mabwana wenye ranchi kubwa. Aliona kwamba bei ikipanda mabwana wale hupunguza kuchinja kwa muda, hasa majike, kwa sababu ng'ombe jike ni nyama na tena ni mtaji wa kuzaa ndama. Bwana wa Argentina akifanya hivyo huitwa hodari wa kutunza mali. Mmaasai akifanya hivyo aliitwa mjinga!

Lakini hatusemi kwamba hesabu ya Argentina iletwe hapa kama ilivyo. Katika nyanda zetu kame, kutoka Kajiado hadi Marsabit na Turkana, mvua ndiyo inayoshika usukani. Mvua ikikosa, malisho huisha, ng'ombe hukonda, na kila mtu huuza siku moja na jirani yake. Na siku hizo hizo mahindi hupanda bei. Mfugaji hupigwa mara mbili: ng'ombe wake anashuka, posho yake inapanda. Kwa hiyo modeli yoyote isiyotia mvua, malisho na bei ya mahindi katika hesabu yake haitufai kitu, hata ikiwa imetengenezwa na maprofesa kumi.

Mambo hayo yanaweza kuonekana mapema. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti ya nyanda kame, zenye hali ya malisho, bei ya mifugo na bei ya mahindi. Ni kazi njema. Lakini taarifa hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, na husomwa maofisini. Mfanya biashara wa mjini mwenye lori na simu anaweza kuzisoma; mama anayeswaga ng'ombe watatu kwenda mnadani hazisomi. Utabiri ulio upande mmoja wa mnada ni silaha dhidi ya upande wa pili.

Tena utabiri una hila yake. Wafugaji wote wakiambiwa leo kwamba bei itaanguka, wote watauza kesho, nayo itaanguka upesi zaidi. Ndiyo sababu lazima awepo mnunuzi wa kuzuia bei. Katika ukame wa 2009 Serikali iliiagiza Tume ya Nyama ya Kenya inunue ng'ombe, lakini wakati huo walikuwa wamekwisha kukonda. Amri ya kununua itolewe wakati malisho yanapoanza kupungua, mifupa isijesubiriwa.

Tunadai mizani katika kila mnada, ng'ombe auzwe kwa kilo wala si kwa jicho la dalali. Tunadai taarifa za bei na malisho zisomwe katika redio kwa Kiswahili, Kimaasai, Kiborana, Kisomali na Kiturkana. Na pasipo kungoja Serikali, karani wa kila tawi letu lililo karibu na mnada aandike kila siku ya soko bei ya maksai, ya mtamba, na ya gunia la mahindi, kisha aibandike ukutani mahali pa wazi.