Historia si Milki ya Darasa

Imekuwa ada ya watu wengi, na hapa Ggaba, kando ya ziwa, nawasikia tangu ufukoni wanaposhushwa samaki hata kwenye kituo cha bodaboda, kudhani kuwa historia ni somo la skuli tu, kwamba asiye na cheti hana haki ya kulitia mkono, na kwamba mtu mzima akionekana na kitabu cha habari za kale, ilhali hakuna mtihani unaomngoja, basi ama hana kazi ama akili zimempunguka. Dhana hii naipinga, wala siipingi kwa upole.

Wenye kuishika na watuambie kwanza vitabu wanavyovisujudia vilitungwa na nani. Apolo Kagwa, aliyechapisha habari za wafalme wa Buganda mwaka 1901, alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, mwenye nchi ya kuendesha, na chuo cha Makerere kilikuwa hakijazaliwa. John Nyakatura, ambaye kitabu chake cha wafalme wa Bunyoro-Kitara kilitoka mwaka 1947, alikuwa chifu wa saza. Sir John Gray, ambaye makala zake katika Uganda Journal wataalamu wangali wakizitegemea, alikuwa hakimu, akafikia cheo cha Jaji Mkuu wa Unguja. Ajabu ilioje kumfungia msomaji wa leo mlango ambao hao waliuingia bila kubisha hodi!

Kijana mmoja, shahada yake mkononi, aliniambia mbele ya meza za samaki kuwa historia haijazi chungu. Nikamwonyesha vichwa vya sangara vilivyopangwa pale, ambao hapa huitwa mputa, maana minofu aghalabu husafirishwa kwenda Ulaya. Nikamwuliza kama babu yake alimla utotoni. Hakujua kuwa samaki huyu alipandikizwa katika ziwa hili miaka ya 1950, zama za Waingereza, na kwamba ameangamiza aina nyingi za samaki wadogo waliokuwamo tangu dahari. Chungu chake kilikuwa kimejaa historia, naye hana habari.

Wako pia wasemao, na hoja yao ina uzito zaidi, kuwa msomaji asiye na mwalimu hupotea, huamini kila kilichopigwa chapa. Ni kweli kuwa Kagwa aliipendelea Buganda yake na chama chake cha Waprotestanti, na Nyakatura naye hakuacha kuitetea Bunyoro. Lakini dawa ya kitabu ni kitabu cha pili; na hapo ndipo ilipo ladha ambayo darasa, lenye haraka ya kumaliza silabasi, haliwezi kuitoa, kwani mwanafunzi hupewa hukumu iliyokwisha kukatwa, bali msomaji wa hiari huketi kama kadhi, daawa ikaletwa mbele yake na mashahidi wakigombana.

Watoto wetu hukariri kuwa Speke, msafiri wa Kiingereza, alifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862, kisha ukurasa hufunuliwa. Mwenye kiu haishii hapo: huuliza ni nani aliyemtangulia. Burton, msafiri mwenziwe, katika kitabu chake cha mwaka 1860, amsifu Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu aliyekuwa mwenyeji wake Kaze, ndiyo Tabora, kuwa ndiye Mwarabu wa kwanza kufika huku, mwaka 1852. Emin Pasha, msafiri mwingine, yapata miaka ishirini baadaye, akaandika maneno ya Ahmed bin Ibrahim, aliyedai kuwa alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844, akathubutu hata kumkemea mfalme kwa kuua watu ovyo. Kila mmoja ajishuhudia nafsi yake, na Ahmed alipokuwa akisema, Snay alikwisha kuuawa katika vita vya Unyanyembe, hawezi kumjibu. Nimekesha juu ya shauri hili kwa furaha ambayo hakuna noti ya mtihani iliyopata kunipa. Mimi nampa Ahmed, kwa kuwa mtu aweza kujiita wa kwanza kwa kutojua tu aliyemtangulia, lakini ni vigumu zaidi kuzua ugomvi mzima na mfalme, na mwaka wake juu. Na mwenye kumpa Snay, awe na shahada au asiwe nayo, na alete shahidi wake.