Moshi wa Lori Kuukuu la Dizeli
Lori kuukuu la dizeli linapotetemeka na kutoa moshi, mwenyewe hukimbilia kununua pampu mpya. Haraka hiyo imewagharimu wengi. Na atazame kwanza rangi ya moshi. Ukiwa mweusi, dizeli imezidi hewa: chujio cha hewa kimejaa vumbi, au nozeli inavuja. Lori litokalo Mombasa kupanda Limuru, juu ya bahari zaidi ya mita 2,000, laweza kutoa weusi kidogo hata likiwa zima, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Yamkini ringi za pistoni zimelika. Mweupe wa asubuhi hauna neno. Lakini ukidumu injini ikiwa moto, na maji ya rejeta yakipungua, gasketi imepasuka.

Kisha, injini ikinguruma polepole, fundi hulegeza na kukaza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya moja. Ile ambayo ikilegezwa mngurumo haubadiliki, silinda yake ndiyo mgonjwa. Magari ya siku hizi yasijaribiwe hivyo kamwe. Hata kwa lori la zamani, mkono ukae mbali: dizeli irukayo kwa nguvu hupenya ngozi, na aliyepatwa hupelekwa hospitali saa ile ile, ijapokuwa jeraha ni kama tundu la sindano.